Makala ya Uji: Jamani, Njooni Muone Moto Huu!

Vumbi linapika sombe! Nasema vumbi kweli: ule unga mweusi unaobaki chini ya gunia la makala, ambao hapa Bunia, Mudzi-Pela hadi Nyakasanza, tunaufagia na kuutupa. Sasa umekandwa kwa uji wa mihogo na udongo kidogo wa mfinyanzi, ukaviringwa matonge, ukaanikwa juani. Nimeyatia kwenye mbabula. Mama yangu wee!

Siri iko kwenye viungo. Wanga wa mihogo ukichemshwa unavimba na kunata; ukikauka, vumbi limeshikana kabisa. Niliangusha tonge moja kwenye sementi makusudi: halikumeguka! Udongo wenyewe hauongezi joto hata chembe. Kazi yake ni kuuzuia moto usile haraka. Ukiuzidisha, unabaki na majivu tele na sufuria vuguvugu. Aliyetengeneza haya alipima vizuri.

Kuwasha ni kazi, siwafichi. Yanataka makala ya kawaida chini yake, na mwanzoni yanatoa moshi unaonuka uji ulioungua. Lakini yakishashika! Hakuna cheche za kurukia kitenge, hakuna pa-pa-pa, ni wekundu mtupu, umetulia. Maji ya chai yalichelewa, kwa hiyo asubuhi makala ya kaliptusi bado yana kazi kwangu. Ila teleka madesu, nenda ukafue nguo, rudi: moto uko palepale, kila tonge limevaa koti jeupe la majivu na umbo lake halijapotea.

Na si ushamba huu! Miaka ya 1920, kule Michigan, Marekani, Henry Ford aligeuza mabaki ya mbao za kiwanda chake cha magari kuwa makala ya kufinyangwa, yakishikwa na wanga vilevile. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Kingsford, ambayo baadaye ilitia chokaa ili majivu yawe meupe, na nitrati ya sodiamu, inayotoa oksijeni ili makala yashike upesi. Nitrati! Nilimwuliza mama aliyeniuzia matonge haya kama hafikirii kuitia. Akanitazama juu mpaka chini: "Papa, unataka kupika ao kulipua nyumba?"

Jambo moja halina kiungo cha kulitibu: monoksidi ya kaboni. Haina harufu, inaua, na matonge haya yanaitoa kama makala mengine yote. Baridi ya usiku isikudanganye ukaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Ota moto nje, kisha jifunike blanketi.

Halafu yaweke pakavu. Wanga unavuta unyevu, na mvua ikiyapiga yanarudi kuwa tope jeusi. Gunia langu nimelipandisha juu ya kabati, na watoto wameshaonywa.