Filamu yenye santuri pembeni

Ukiwa Bumbuli, huenda hujui kwamba kwenye milima hiihii ya Usambara, kule Vugiri, filamu zilitengenezwa tangu 1935. Mradi wa BEKE wa Waingereza Notcutt na Latham ulitumia filamu ya milimita 16, sauti ikawekwa kwenye santuri. Ujanja huo naukubali: picha ileile, unabadili santuri, lugha inabadilika. Tatizo, filamu ikikatika ukaiunga, santuri haijui. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, zikipotea 12, sauti inachelewa nusu sekunde mpaka mwisho wa santuri. Hilo ningelisamehe kabisa. Ila hadithi zenyewe, jamani! Kifaa kinaweza kuongea lugha yoyote, halafu mtazamaji anahimizwa kulipa kodi na kuweka akiba posta.