Shabiki kama Mhakiki: Hadhira ya Bendi ya Grateful Dead na Suala la Ushabiki wa Kweli

Neno "shabiki" halijapata heshima katika uhakiki wetu. Kumwambia mtu kwamba maneno yake ni ushabiki mtupu ni kumtuhumu kuwa amefumba macho: ameshika upande wake na hataki kusikia hoja. Tumelizoea neno hili viwanjani, Gor Mahia wanapokutana na AFC Leopards, na kutoka huko limehamia katika siasa likiwa limebeba kelele zake zote. Kando yake lipo neno "mpenzi", ambalo watangazaji wa redio wamelitumia hadi likachuja, na neno "mkereketwa", ambalo lina harufu ya chama. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalodokeza kwamba mtu mwenye kukipenda kitu kupita kiasi anaweza kuwa ndiye pia mwenye kukijua na kukipima. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shabiki wa namna hiyo yupo, na kwamba sisi tunaoshughulikia fasihi simulizi tumepata hasara kwa kutomjali.

Mfano tutakaoutumia haukutoka kwetu. Ni wa bendi ya roki ya Grateful Dead, iliyoanzishwa mwaka 1965 huko Palo Alto, California, na iliyokoma kutumbuiza kwa jina hilo baada ya kifo cha mpiga gitaa wake mkuu, Jerry Garcia, tarehe 9 Agosti 1995. Yamkini msomaji atauliza bendi hiyo ina uhusiano gani na taaluma yetu. Uhusiano uko katika namna ya utendaji. Katika miaka hiyo 30 bendi ilitumbuiza zaidi ya mara 2,000, na haikuwa na desturi ya kurudia onyesho la jana. Orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku, na wimbo wenyewe ulibadilika ndani yake. Wimbo "Dark Star" ulipotolewa katika santuri ndogo mwaka 1968 haukutimiza dakika tatu. Katika albamu ya Live/Dead ya mwaka uliofuata, iliyorekodiwa mbele ya hadhira, wimbo huohuo unapita dakika 20. Je, wimbo ni upi kati ya hizo mbili? Anayeifahamu kazi ya Albert Lord juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, The Singer of Tales (1960), atalitambua swali hili mara moja. Lord alishikilia kwamba katika sanaa ya namna hiyo hakuna matini asilia ambayo nyingine ni nakala zake. Kila utendaji ni utunzi.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi aliyehudhuria usiku mmoja hajausikia wimbo. Amesikia tukio moja la wimbo. Hapa ndipo shabiki anapoingia. Ili wimbo wa aina hiyo uwepo kwa ukamilifu wake, lazima awepo mtu anayekumbuka usiku mwingine na kuulinganisha na huu. Wapigaji wenyewe hawawezi kuifanya kazi hiyo, kwani wao wamo ndani ya mchezo na kesho wana safari. Kazi hiyo iliwaangukia mashabiki.

Waliifanya kwa kaseti. Tangu mwanzo walikuwapo watu waliokuja na vinasa sauti vyao, wengine wakivificha. Badala ya kuwafukuza, bendi iliwavumilia, na mnamo Oktoba 1984, katika ukumbi wa Berkeley Community Theatre, ikawatengea rasmi sehemu yao nyuma ya meza ya fundi wa sauti, ili msitu wao wa maikrofoni usiwazibe wengine. Ilikuwepo kanuni moja iliyoheshimiwa sana: kanda haiuzwi. Aliyetaka nakala alituma kaseti tupu pamoja na gharama ya posta, naye akajazwa. Hivyo kukazuka mtandao wa watu ambao hawakuwahi kuonana, wakiandikiana juu ya tarehe, mahali, na mpangilio wa nyimbo. Na kufikia mwaka 1987 zilikuwa zimeanza kuchapishwa juzuu nene zilizoitwa DeadBase, zenye orodha ya nyimbo za onyesho moja baada ya jingine. Tukiacha gitaa na nywele ndefu, hii ni kazi ambayo sisi huiita uhakiki wa matini: kukusanya nakala, kuziwekea tarehe, kuzilinganisha, na kuamua ipi inafaa kutegemewa.

Dick Latvala ni mfano mzuri. Alianza kama mkusanyaji tu wa kanda, mtu wa hadhirani. Hatimaye bendi ilimkabidhi ghala la kanda zake yenyewe, na kuanzia mwaka 1993 ikaanza kutoa mfululizo wa maonyesho aliyoyachagua yeye, ukiitwa kwa jina lake, Dick's Picks. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1999. Tuzingatie maana ya jambo hili. Wasanii walikiri kwamba mtu wa hadhira alijua kuliko wao ni usiku upi walipiga vizuri. Sijui ni waandishi wangapi wa riwaya za Kiswahili ambao wangekubali kumwachia msomaji uamuzi kama huo.

Hata hivyo, tusiuchore ushabiki huu kama pepo. Mwaka 1987 wimbo "Touch of Grey" uliifikisha bendi katika nyimbo kumi bora za Marekani kwa mara ya kwanza, na umati mpya ukaja. Wakongwe waliwapachika wageni hao jina la dharau lililotokana na wimbo huo, na mjadala juu ya nani shabiki wa kweli ukapamba moto. Hoja ya wakongwe ilikuwa nyepesi: sisi tulikuwapo kabla. Hoja hii tunaijua, kwani ni ile ile inayotumiwa na wanaodai kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya aliyezaliwa nao. Kutangulia kufika kunampa mtu kumbukumbu, lakini hakumpi sikio. Wapo waliofuata bendi kwa miaka 20 ambao waliloweza kusema juu ya kila onyesho ni kwamba lilikuwa zuri mno. Na anayesema kila onyesho ni zuri hajasikia hata moja.

Lakini nao wageni walikuwa na dai lao la uongo, yaani kwamba mapenzi yanatosha. Tarehe 2 Julai 1995, huko Deer Creek katika jimbo la Indiana, umati wa watu wasio na tiketi uliuvunja uzio na kuingia kwa nguvu, huku baadhi ya waliokuwa ndani wakishangilia. Onyesho la kesho yake likafutwa. Wanabendi waliwaandikia mashabiki barua ya wazi wakionya kwamba mambo yakiendelea hivyo ziara zitakoma. Waliouvunja uzio bila shaka waliipenda bendi; hakuna anayevunja uzio ili asikilize asichokipenda. Kilichokosekana kwao ni kujua kwamba utendaji una mipaka inayouwezesha kuwapo. Katika fasihi simulizi ya jamii nyingi za Afrika Mashariki mipaka hiyo inafahamika: kuna wakati wa hadhira kuitikia na wakati wa kunyamaza, na hadithi nyingine hazisimuliwi mchana. Hadhira isiyoijua miiko hiyo humnyang'anya fanani jukwaa.

Je, shabiki wa kweli ni yule anayetii basi? Sidhani. Mnamo Novemba 2005, miaka 10 baada ya Garcia kufariki, maelfu ya rekodi za bendi yalikuwa yakipatikana bure katika maktaba ya intaneti iitwayo Internet Archive. Ghafla, kwa matakwa ya upande wa bendi, upakuaji ukasitishwa. Mashabiki walipinga vikali, na baada ya siku chache rekodi zilizonaswa na watu wa hadhirani zikaruhusiwa tena kupakuliwa. Zile zilizotokana na mitambo ya bendi yenyewe zikabaki za kusikilizwa tu. Mtu mwenye mawazo ya kisheria atasema kwamba bendi ilikuwa na haki, na huenda ni kweli. Ila waliopinga walikuwa wakisema jambo zito zaidi ya sheria. Walidai kwamba kanda hizo ziliwepo kwa sababu ya mikono yao, na kwamba kanuni ya kutouza, ambayo wao waliilinda kwa miongo miwili, iliwafunga pia wasanii. Wakati huo waliwapinga watu waliowapenda kwa jina la kile walichokipenda. Hilo mkereketwa halimpiti kooni.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo penye kipimo. Shabiki wa kweli ni yule anayeweza kusema, "Usiku ule walipiga vibaya," kisha akaeleza ni wapi na kwa nini, na bado akaja usiku unaofuata. Mashabiki wa Grateful Dead walikuwa na ujuzi huu kwa wingi. Maoni yao juu ya miaka ya mwisho ya Garcia, alipokuwa mgonjwa na kusahau maneno ya nyimbo, ni makali kuliko ya gazeti lolote, na yameandikwa kwa uchungu ambao gazeti halina.

Ipo pingamizi ambayo siwezi kuipuuza. Nimezungumza kana kwamba ushabiki wote umo masikioni. Katika maonyesho ya bendi hii walikuwapo mashabiki viziwi, waliokuwa na nafasi yao karibu na jukwaa na wakalimani wao wa lugha ya ishara. Baadhi yao walishika maputo mikononi ili wauhisi mtetemo wa muziki. Hao hawakubadilishana kanda. Vivyo hivyo wale waliocheza usiku kucha kwenye ujia wa nje bila kuliona jukwaa. Nikisema hao si mashabiki wa kweli, nitakuwa nimerudia kosa la wakongwe wa mwaka 1987. Nadhani kinachotakiwa ni kulipanua neno "kusikiliza" mpaka liwe na nafasi ya mkono ulioshika puto, kwani mkono huo nao unatofautisha wimbo na wimbo. Jinsi ya kulipanua bila kulifanya liwe na maana ya kila kitu, hilo sijalimaliza.

Sasa turudi nyumbani. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi huitaja hadhira katika kila utangulizi. Ruth Finnegan alisisitiza umuhimu wake mwaka 1970 katika Oral Literature in Africa, na tangu hapo tumekuwa tukilirudia jambo hilo kama wanaokariri kiapo. Lakini tuangalie tunavyofanya tukiwa nyanjani. Tunamtafuta msimulizi mmoja, tunamrekodi alasiri moja, tunanukuu alichosema, tunachapisha. Tangu siku hiyo alasiri ile inakuwa ndiyo hadithi ya jamii hiyo. Katika taarabu za Mombasa mwanamke huinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa, na ukumbi mzima huelewa ni nani anayepigiwa fumbo. Hiyo ni tafsiri kamili ya matini, imetolewa hadharani. Ni mara ngapi tumeiandika pembeni mwa ubeti uliohusika?

Nami pia ni mkosaji. Nilipokuwa nikikusanya data ya shahada yangu ya uzamili katika kijiji kimoja cha pwani, nilimrekodi mzee mmoja msimulizi, nikaridhika sana. Nilipokuwa nakunja nyaya zangu, bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani pamoja na wengine akaniambia, "Mwanangu, leo hukumpata. Leo ulimi wake ulikuwa mzito. Ungekuja wakati ule wa matanga ya ndugu yake." Nilimshukuru kwa adabu nikaondoka. Tasnifu yangu ilichambua kwa kina ukimya na marudio ya usimulizi huo kama mbinu za kisanaa. Wasahihishaji waliusifu uchambuzi. Bibi yule, aliyekuwa amemsikia mzee huyo labda kwa miaka 40, ameingia katika tasnifu kama sehemu ya "hadhira ya watu wapatao 15".

Tofauti kati yetu na mashabiki wa Grateful Dead si ya vyombo. Vinasa sauti tulikuwa navyo. Wao walikuwa na tabia ya kuuliza ni usiku upi, na ya kubishana juu ya jibu. Onyesho lao mashuhuri kuliko yote ni la tarehe 8 Mei 1977 katika ukumbi wa Barton, Chuo Kikuu cha Cornell. Lilirekodiwa na fundi wa bendi, Betty Cantor-Jackson, likasambaa kwa kaseti miaka mingi kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2017, na likaingizwa katika orodha ya mwaka 2011 ya rekodi zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hata baada ya taifa kuamua hivyo, wapo mashabiki wanaoshikilia kwamba sifa ya usiku huo imetokana na uzuri wa kanda zaidi ya uzuri wa upigaji, na kwamba zipo siku nyingine za majira hayohayo ya mwaka 1977 zinazoushinda. Wanazitaja kwa tarehe.