Ngitili: jinsi Shinyanga ilivyorudisha miti kwa kufunga malisho

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kikishakolea, mnamo Julai au Agosti. Majani huachwa yakue, yakomae na kukauka yakiwa yamesimama. Siku ya kufungua, wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na mifugo iliyodhoofika. Kundi kubwa huendelea kuchungwa mbali. Lengo la wazee lilikuwa akiba ya malisho, wala si kuotesha msitu, lakini utaratibu huo ndio uliokuja kurudisha miti Shinyanga.

Mkoa huo wa Tanzania ulikuwa umechakaa kwa sababu zinazoeleweka. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikafuata, ikameza ardhi, na mifugo ikaongezeka katika eneo lililozidi kupungua. Katika miaka ya 1970, familia zilipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, nyingi ziliacha nyuma mahame na ngitili zao. Ngitili isiyo na mwenyewe karibu haina mlinzi. Ilipofika 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600 tu.

HASHI ilianza na vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Mkoani humo mvua ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, na kiangazi ni kirefu. Mche unahitaji maji, uzio na mtu wa kuutunza, na mbuzi mmoja anaweza kuumaliza asubuhi moja. Wataalamu walipokaa na wenyeji na kuwasikiliza, uzito ukahamia kwenye ngitili. Naona hapa ndipo kazi yote ilipogeukia, kwa sababu miti iliyotakiwa ilikuwa tayari ardhini. Mgunga uliokatwa haufi. Shina hubaki na mizizi iliyokwisha kufika mbali chini, na kila mvua huchipua. Chipukizi huliwa au hukatwa kabla halijapita kimo cha mdomo wa ng'ombe. Likifungiwa misimu michache mfululizo, hupanda kwa kasi ambayo mche wa kitaluni hauwezi kuifikia, kwa kuwa linalishwa na mizizi ya mti mzima. Majani yaliyoachwa nayo hupunguza kasi ya maji ya mvua, udongo ukatulia, mbegu zilizolala zikaota.

Kufunga eneo kwa maneno ni rahisi. Kulilinda ni kazi nyingine. Shinyanga haikuhitaji kuunda chombo kipya. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walikuwepo, na dagashida, baraza la jadi, lilikuwepo la kusikiliza kesi na kutoza faini. Serikali za vijiji zikaongeza sheria ndogo, hivyo aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alibanwa na mila na sheria kwa pamoja. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikaipa hifadhi ya kijiji mahali pa kusimama mbele ya serikali.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Tathmini ya Wizara ya Maliasili na shirika la IUCN ya mwaka 2004 ilikisia faida yake kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Faida hiyo ni kuni, nguzo, dawa, asali, uyoga, nyasi za kuezekea na malisho. Kwa mwanamke aliyekuwa akishinda njiani kutafuta kuni, tofauti inahesabika kwa saa.

Lakini hesabu ya wamiliki inanisumbua. Katika vijiji 172 vilivyochunguzwa, ngitili zilikuwa 18,607, na za jumuiya zilikuwa 284 tu. Za jumuiya ni kubwa sana zikilinganishwa na za watu binafsi, lakini wingi huo wa umiliki binafsi una maana yake. Mwenye ardhi na ng'ombe hufunga shamba lake, na kiangazi huweza kumkodisha jirani malisho. Asiye na ardhi, au mjane aliyenyang'anywa shamba na ukoo, hupoteza hata pale alipokuwa akiokota kuni bure. Usalama wa miliki ndio uliomvuta mfugaji afunge, na huohuo ndio unaowaacha wengine nje ya uzio.

Kijiji kinachotaka kuiga Shinyanga kianze, kabla ya kuagiza mche wowote, kwa kupima ngitili ya jumuiya, kuiandikisha katika mpango wa matumizi ya ardhi na kuandika katika sheria ndogo nani anaingia kuokota kuni na siku gani.