Insha ya Kununua

Kuna kichekesho kimoja cha Kimarekani ambacho kila nikikitazama nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu kufika katikati kicheko kinanikwama kooni. Kinaitwa Back to School, kilitoka mwaka 1986, mwelekezi wake ni Alan Metter na mchekeshaji mkuu ni Rodney Dangerfield, yule mzee wa macho yaliyotoka pima. Wenzangu waliokiona wanakisifia vituko tu. Mimi nasema kinatuhusu sisi tunaoshika kalamu, tena kinatugusa penye kidonda.

Kisa chenyewe ni hiki. Thornton Melon ni mtoto wa fundi cherehani, mhamiaji kutoka Italia. Mwanzoni tunamwona akiwa mtoto, mwaka 1940, amerudi nyumbani na ripoti mbovu, na baba anamwonya kwamba mtu bila masomo hana kitu. Masomo hakuyapata, lakini pesa alizipata, tena za kumwaga, kwa kuuza nguo za watu wanene na warefu. Mwanawe Jason yuko chuo kikuu na anamdanganya babake kwamba mambo ni shwari. Mzee anapiga hodi bila taarifa, anakuta kijana ana rafiki mmoja tu, kwenye timu ya kupiga mbizi kazi yake ni kugawa taulo, na masomo anataka kuyaacha. Basi mzee anaamua: tutasoma wote! Cheti cha sekondari hana, lakini kwani shida iko wapi? Anawajengea jengo la kitivo cha biashara, na mlango unafunguka wenyewe.

Kwa upande wa fani, filamu nzima inasimama juu ya ulimi wa Dangerfield. Huyu alizaliwa mwaka 1921, akaanza ucheshi akiwa kijana, ukamshinda, akaenda kuuza mabamba ya alumini ya kufunikia kuta za nyumba, kisha akarudi jukwaani akiwa mtu mzima. Kilio chake huko jukwaani kilikuwa kimoja, kwamba hakuna anayemheshimu. Kwa hiyo anapoingia darasani kati ya watoto, haigizi sana.

Tazama lile somo la biashara. Mhadhiri, Dkt. Barbay, anachora ubaoni kiwanda cha kubuni: mtaji huu, mashine hizi, mishahara hii. Mzee anainua mkono na kuuliza, je, pesa za kuwanyamazisha wanasiasa wa mtaa ziko wapi? Na za vyama vya wafanyakazi? Na za wazoa taka? Darasa linaandika maneno ya mzee, linaacha ya mwalimu. Hapo filamu inauma kweli, maana sote tumewahi kuketi mbele ya mtu anayefundisha asichowahi kukigusa.

Lakini maskini filamu! Ikishatuonyesha kwamba mzee anaijua dunia, inatuonyesha pia kwamba kusoma hataki. Anapewa kazi ya kuandika juu ya mwandishi Kurt Vonnegut. Anafanyaje? Anamwajiri Kurt Vonnegut. Ndiyo, Vonnegut mwenyewe, mwandishi wa Slaughterhouse-Five, anabisha mlangoni. Insha inaandikwa, inapelekwa, na mwalimu wa fasihi, Diane Turner, anaikataa. Anamwambia mzee kwamba insha si yake, na kwamba aliyeiandika hamjui Vonnegut hata chembe. Mzee anamfokea Vonnegut kwenye simu na kumwambia kwamba hundi yake ataizuia.

Watu hucheka wakidhani ni mzaha juu ya wahakiki. Sawa, ni mzaha, na Vonnegut alikuwa na haki ya kuufanya. Chuo Kikuu cha Chicago kiliikataa tasnifu yake ya anthropolojia, na mwaka 1971 ndipo kikampa shahada kwa kuikubali riwaya yake, Cat's Cradle, badala ya tasnifu. Ila mimi kinachoniuma ni ile hundi.

Kwa nini? Kwa sababu kazi hiyo nimeifanya. Hapa Nairobi vijana wengi waliosoma wakakosa ajira wamewaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. Mwaka 2024 hata ilitoka filamu ya hali halisi juu yao, The Shadow Scholars, ya Eloïse King. Mimi niliandika miaka miwili. Niliandika juu ya mito ambayo sijaiona na sheria za miji ambayo sitaikanyaga. Alama zikiwa mbaya, mteja analia, na pesa zako zinakatwa. Mzee Melon nimekutana naye mara nyingi, bana, ila hakuwa mcheshi.

Siku moja ikaja oda: insha ya binafsi, kurasa nne, juu ya mtu wa familia aliyekufundisha thamani ya elimu. Ilikuwa saa sita usiku na sikuwa na uwongo wowote kichwani. Nikaandika juu ya babangu. Alikuwa bawabu. Alfajiri akitoka lindo analala saa mbili tatu, jioni anaenda gumbaru na daftari langu la zamani, kurasa zilizobaki nyuma. Nikaandika jinsi alivyoweka sahihi mara ya kwanza badala ya kidole gumba, na jinsi alivyoikunja ile karatasi ya wino aliyofanyia mazoezi akaitia mfukoni. Nilibadilisha majina na mji. Insha ilipata alama ya juu kabisa. Mteja akaniandikia kwamba mwalimu wake alitokwa na machozi. Malipo hayakufika shilingi elfu mbili.

Vonnegut aliandika juu ya nafsi yake akaambiwa hajijui. Mimi niliandika juu ya babangu, na kijana nisiyemjua akapewa pole kwa ajili yake. Tangu hapo nimejaribu mara kadhaa kuiandika hadithi ile kwa jina langu. Kila nikianza, najihisi mwizi.

Sasa turudi kwenye filamu. Baada ya Barbay kumshtaki kwa udanganyifu, mzee anapewa mtihani wa mdomo. Pesa hazisaidii tena. Anakesha na vitabu, mwanawe akimsaidia. Barbay anamwuliza swali moja lenye vipande 27 na anavijibu vyote, akabaki hoi. Turner anamtaka akariri shairi la Dylan Thomas, kisha aseme lina maana gani kwake. Mzee anajibu kwa lugha ya mtaani, tena chafu, kwamba yeye hakubali kuonewa na mtu. Jibu si la kitaaluma, lakini ni lake. Hilo ndilo jibu la kwanza ambalo hakulinunua popote.

Kasoro zipo. Wanawake, ukimtoa Turner, wamewekwa kama mapambo na vichekesho vya bafuni. Na msamaha unakuja upesi mno: mzee anashinda mbizi, anafaulu, anawahutubia wahitimu, na lile jengo lililomwingiza chuoni halitajwi kama kosa. Maskini akidanganya angefukuzwa, tajiri akidanganya anaitwa mcheshi. Mzee Maruge wa Eldoret alipojiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 84, hakutoa jengo. Alivaa kaptura.

Hata hivyo kitazame kichekesho hiki, wewe unayeota kuwa mwandishi. Cheka. Halafu ukifika kwa Vonnegut mlangoni, jiulize ni hadithi gani ya nyumbani kwenu ambayo hutaiuza hata wakuongezee dola. Mimi yangu niliiuza. Babangu hajui, na juzi aliniuliza kama nimewahi kuandika chochote juu yake.