Ngoma ya Kinywa na Ngoma ya Maandishi

Desturi yetu ni kudhani kwamba mtu hutangulia, na mtambo hufuata ukimwiga. Katika ngoma ya kinywa, ambayo vijana huiita bitiboksi, mambo yalianza kinyume. Jina hilo lilikuwa la mtambo wa kupiga ngoma kabla halijawa la sanaa ya mtu. Miongoni mwa mitambo hiyo, TR-808 ya kampuni ya Roland ya Japani, iliyotengenezwa toka 1980 hata 1983, ilipata sifa kubwa. Bei yake ilizidi uwezo wa vijana wengi wa New York. Lakini midomo walikuwa nayo, wakaifanya kuwa mitambo. Sasa, msomaji, mambo yamepinduka tena. Wako wanaojaribu kuitia ngoma hiyo ya kinywa ndani ya tarakilishi kwa kuiandika. Je, wanafaulu?

Kwanza tuitazame kazi yao. Mpigaji huketi mbele ya watu na kuandika programu. Kila aandikapo, sauti hubadilika papo hapo bila muziki kukatika. Chama cha TOPLAP, kilichoundwa Hamburg mwaka 2004, kilitaka skrini ya mpigaji ionyeshwe kwa watazamaji, asijifiche nyuma yake. Mimi nalipenda sharti hilo, maana kosa likitokea huonekana na wote. Alex McLean wa Uingereza alibuni lugha ya TidalCycles kwa kazi hii, na katika 2022 ikazaliwa Strudel, ambayo mwenye intaneti huitumia bila malipo.

Mwandiko wake ni mwepisi. Andika bd hh sd hh, nawe utasikia ngoma kubwa, matoazi, ngoma ndogo kali, na matoazi tena. Mstari mzima ni mzunguko mmoja. Mzunguko ukiwa wa sekunde 2, kila pigo hupata nusu sekunde. Ukiongeza pigo la tano, mzunguko haurefuki hata kidogo. Mapigo yote hubanana, kila moja likabaki na sekunde 0.4. Mabano ya mraba hutia mapigo mawili mahali pa moja, na alama ya ~ huacha kimya. Mwandiko huu una deni kwa Bol Processor ya Bernard Bel, programu iliyoandika mapigo ya tabla ya India. Nao wapigaji wa tabla hutamka pigo kwa ulimi kama walipigavyo kwa mkono. Kwa hiyo kinywa kilikuwamo katika ukoo wa maandishi haya tangu zamani.

Sasa tusikilize kinywa chenyewe. Katika wimbo wa La Di Da Di wa 1985, Slick Rick husimulia na Doug E. Fresh hupiga kwa mdomo. Hapana chombo kingine. Midomo ikifungwa na kufyatuliwa, hutoka ngoma kubwa. Ulimi nyuma ya meno hutoa ts ya matoazi. Nyuma ya kinywa hutoka k ya ngoma ndogo. Stadi wa sanaa hii huweza kuitoa k hiyo kwa kuvuta hewa ndani. Hapa ndipo penye uhodari, ambao wasikilizaji wengi hawautambui: pigo ni pumzi, na pumzi ni pigo. Mtu huyu ana kinywa kimoja na mapafu mawili, na mdundo wake umepangwa kwa kadiri ya vitu hivyo.

Waandishi wengi wa programu husahau jambo hili. Huchukua mdundo wa kinywa, wakauandika kwa usahihi wa saa, kisha wakaweka mkato katikati ya mstari ili mapigo mawili yalie pamoja. Matoazi hayakomi ngoma kubwa inapolia. Kinachosikika ni kizuri pengine, lakini ni seti ya ngoma, kinywa kimetoweka. Wengine, wakitaka kuleta ubinadamu, hutia alama ya kuuliza, hh? hivi, ili tarakilishi iliruke pigo kwa bahati nasibu. Kwangu dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Mpigaji wa kinywa haachi pigo kwa bahati. Huliacha kwa sababu mapafu yamedai haki yao, na mahali pa kuliacha amepachagua. Msikilizaji, hata asiyejua sababu, huhisi tofauti hiyo.

Walio bora kati yao hujifunga wenyewe. Hutumia mstari mmoja bila mkato, na hupanga kimya kwa makusudi. Sauti ya k huiacha ichelewe kidogo sana, kama ulimi unavyochelewa. Mashine isiyochoka hulazimishwa kuwa kama mwenye kuchoka, na ndipo mdundo unapoanza kufanana na mtu. Sisemi kwamba unamfikia Doug E. Fresh, haujamfikia.

Nawe ukikutana na kazi ya namna hii, ipime hivi. Usome mstari ulioandikwa kwa kinywa chako, kwa mwendo uleule, mizunguko minane mfululizo. Mstari wa bd hh sd hh utaumaliza, na pengine ukacheka. Ule wa hh*32, mapigo 32 katika sekunde 2, utakushinda kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha.