Nukta Moja Juu ya Karatasi, Mbili Ndani ya Kalsiti

Wakusanyaji wa mawe duniani wanaijua Kolwezi kwa malakiti ya kijani, lakini machimbo ya Mashamba West yametoa pia kalsiti ya waridi, rangi inayoletwa na kobalti. Mimi leo sina haja na rangi. Nipe kipande cha kalsiti kisicho na kobalti, cheupe kama kioo, nikiweke juu ya nukta moja ya wino. Ndani yake zitaonekana nukta mbili.

Kwanza, kwa nini mwanga upinde? Mfano uliozoeleka ni wa lori. Lori lenye shehena ya shaba likiacha lami kimshazari na kuingia mchangani, gurudumu la upande mmoja linazama kwanza na kupunguza mwendo, la upande wa pili bado linakimbia. Lori linageuka hata dereva asipogusa usukani. Mwanga nao hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde hewani, lakini majini hubaki na 225,000 tu. Ukiingia wima hupungua mwendo bila kupinda. Ukiingia kimshazari, hupinda. Ndiyo maana upondo wa mvuvi huonekana umevunjika katika Ziwa Nzilo, na kina cha mita 4, ukikitazama kutoka juu, huonekana kama mita 3.

Kwenye kalsiti lori linakwama. Lori moja halitoki kwa njia mbili!

Rasmus Bartholin wa Denmark aliliandika ajabu hili mwaka 1669, akitumia jiwe la Aislandi. Mwaka 1690 Christiaan Huygens, Mholanzi, akasema mwanga una mienendo miwili ndani ya jiwe hilo. Alipatia, ila sababu ilimshinda, kwa kuwa hakujua kwamba mwanga ni mtikisiko unaokata njia yake yenyewe, ama kushoto na kulia, ama juu na chini. Ndani ya kalsiti kila atomu ya kaboni imezungukwa na oksijeni 3, zote zimelala bapa kama sahani zilizopangwa kabatini. Mtikisiko unaokwenda sambamba na sahani huyumbisha elektroni kwa wepesi zaidi, na hilo huuchelewesha: kilomita 181,000 hivi kwa sekunde. Unaozikata sahani waweza kufika 202,000. Kasi mbili, basi mipindo miwili.

Hakikisha mwenyewe. Zungusha jiwe: nukta moja itatulia, ya pili itaizunguka. Kisha tazama kupitia miwani ya polaroidi, inayopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, huku ukiigeuza taratibu. Nukta zitapokezana kupotea.

Kwa hadubini yenye vichujio vya aina hiyo, mwanajiolojia huitenga kalsiti na kwatzi katika kipande cha mwamba chenye unene wa milimita 0.03. Huo si mchezo wa maabara. Shaba ya oksidi huyeyushwa kwa asidi ya salfa, na kalsiti huinywa asidi hiyo bila kurudisha hata gramu moja ya shaba.