"Dawa", "Vijidudu" na "Msongo": Uhakiki wa Istilahi Tatu za Sayansi ya Udongo

Lugha ya ugani wa kilimo hukiita kiuagugu "dawa". Parakwati, ambayo idhini yake katika Umoja wa Ulaya ilibatilishwa mwaka 2007, huchukua elektroni ndani ya seli na kuikabidhi oksijeni. Huzaliwa superoksaidi, ambayo huharibu vimeng'enya muhimu. Kuiita dawa ni kuisitiri sumu.

"Vijidudu" nalo huwahukumu bakteria wote kuwa maradhi. Hata hivyo, bakteria wa udongo kama Pseudomonas putida hujihami: kimeng'enya kimoja hugeuza superoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, kisha katalesi huivunja iwe maji na oksijeni.

Mjadala mgumu zaidi ni wa "msongo wa oksidisho". Ni kweli kwamba neno hili limetokana na kitenzi songa, lakini matumizi ya leo yamelifunga kwenye mawazo, likaashiria mwathirika asiye na jibu. "Shinikizo la oksidisho" lafaa zaidi, kwani shinikizo hutoka nje na hudai jibu.

Mtunga sera anayesoma kwamba "dawa" imeua "vijidudu" atapongeza, ilhali udongo umepoteza walinzi wake.